Ilani ya Waliotoka na Wanaowapokea



Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais John Magufuli alitumia sherehe za miaka 56 ya Uhuru kutangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 waliachiwa mara moja, na 6,329 wakapunguziwa vifungo. Uwanja ulilipuka kwa shangwe yalipotajwa majina ya wanamuziki wawili waliokuwa na kifungo cha maisha, Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Jioni ile nchi nzima iliwatazama wakitoka Gereza la Ukonga, Dar es Salaam. Waandishi waliwasubiri, ndugu waliwasubiri, mashabiki nao waliwasubiri.

Wale wengine walitoka kama watu wanavyotoka siku zote: hati ya kuachiliwa mkononi, mfuko wa rambo kwapani, jua la Desemba kichwani. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, nasi tunashukuru kila unapotumika. Lakini kazi ya dola kwa aliyesamehewa, kama ilivyo kwa aliyemaliza kifungo chake, huishia langoni. Taifa hutangaza idadi ya waliotoka. Idadi ya waliofika kwao haitangazwi, na hatujamwona aliyepewa kazi ya kuihesabu. Kazi hiyo sasa tunaichukua sisi, na tunaeleza hapa kwa nini, na kwa kiasi gani tunaitaka Serikali iichukue baada yetu.

Sisi ni nani? Wapo kati yetu waliotoka. Wapo wake na mama za waliotoka, ambao wamepanga foleni nje ya magereza kwa miaka wakiwa na sabuni na dawa ya meno. Wapo mchungaji na shehe waliozoea kuingia ndani kufundisha, na yupo mzee mmoja mstaafu wa Jeshi la Magereza ambaye bado anatuamkia kwa sauti ya kuhesabu wafungwa. Vuguvugu letu halina jina. Tulibishana jina jioni nzima, kila mtu akitaka lile lenye neno "matumaini" au "mwanga", mwishowe mama mmoja akasema majina hayalishi mtu, tuandike kwanza. Tukamsikiliza.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani kuna ofisi fulani mahali fulani inayoshughulikia jambo hili. Nchi yetu imelifikiria, tena si mara moja. Sheria ya uangalizi wa wahalifu tuliirithi kwa mkoloni. Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994, na Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 2002. Kwa hiyo aliyepewa adhabu ya nje ana afisa probesheni wa kumfuatilia. Aliyetoka kwa parole ana masharti yake na ana mahali pa kuripoti. Lakini parole haimgusi mwenye kifungo kifupi, na inawakataa waziwazi wenye kifungo cha maisha, waliofungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa dawa za kulevya na kwa kunajisi watoto. Waliobaki, na ndio wengi, hukaa mpaka tarehe yao, wakipunguziwa theluthi kwa tabia njema, kisha hutoka. Tazama mpango huu ulivyokaa kichwa chini: aliyetumikia sehemu ya kifungo ana mtu wa kumwendea, na aliyekitumikia hadi mwisho hana.

Mzee wetu mstaafu hutukumbusha kwamba hali imewahi kuwa mbaya kuliko hii. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliamuru viboko 24 kwa makosa kama wizi na rushwa: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliisimulia miaka mingi baadaye, mwaka 1995, akaeleza kuwa vile 12 vya mwisho ni vya mtu kwenda kumwonyesha mkewe. Watu wakacheka. Sheria hiyo ilipisha nyingine mwaka 1972, lakini fikra iliyoizaa ingali hai mitaani. Siku ya kutoka bado inahesabiwa kuwa sehemu ya adhabu, ila viboko vya siku hizi vinapigwa na mwenye nyumba, na mwajiri, na wakati mwingine na kaka wa tumbo moja.

Dodoma ina ugumu wake ambao mtu wa mkoa mwingine huenda asiuone. Chukua mtu aliyefungwa mwaka 2010 kutoka Ihumwa, Mtumba, Nala au Iyumbu. Alipoingia ndani, kwao kulikuwa na shamba la mtama na uwele, tembe la babu, na mbuyu uliokuwa alama ya mpaka. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikavunjwa, majalada yake yakahamia halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mtumba ukainuka Mji wa Serikali, Msalato ukaanza kujengwa uwanja wa ndege wa kimataifa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam. Haya yote ni maendeleo na hatuyapingi. Ila shamba lilipimwa viwanja yeye akiwa ndani. Tangazo la fidia lilibandikwa kwenye ubao wa kata akiwa ndani. Muda wa kulipia kiwanja ulikwisha akiwa ndani. Ndugu walisaini kwa niaba yake, wengine kwa nia njema kabisa, na fedha ilishaishia kwenye ada za shule na msiba wa mama. Anarudi anakuta ukuta, geti, na mlinzi anayemuuliza anamtafuta nani.

Hatudai viwanja virudishwe. Tunadai kwamba ardhi ya mfungwa inapopimwa au kuthaminiwa, yeye apelekewe taarifa ya maandishi gerezani kupitia mkuu wa gereza, na apewe nafasi ya kumteua kwa hati mtu anayemwamini asimame badala yake. Serikali inajua alipo kuliko inavyojua alipo raia mwingine yeyote. Haiwezi kusema haikumpata.

Ukienda Mpwapwa, Kongwa, Kondoa au Manyoni, shida hubadilika sura. Shamba lipo, lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zikigoma zinagoma mwaka mzima. Anayeachiwa Februari amekwishapitwa. Atakula ugali wa wengine mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, yaani zaidi ya miezi kumi na miwili akiwa mgeni mezani kwa shemeji. Nani atamvumilia muda wote huo? Msamaha wa Desemba 9 angalau huangukia wakati wa kupanda, mradi mtu apate mbegu na jembe wiki hiyohiyo. Ule wa Aprili 26, Siku ya Muungano, huwakuta watu wakisubiri kuvuna walichopanda wenyewe. Hatujawahi kusikia msaada kwa waliotoka ukipangwa kwa kalenda ya mvua. Sisi tutaupanga hivyo: atakayetoka kati ya Oktoba na Desemba tutamtafutia mbegu ya mtama au alizeti; atakayetoka wakati mwingine tutamtafutia kibarua, hasa kwenye zabibu za Hombolo na Makutupora, kwa sababu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na kupogoa kunataka mikono mingi.

Kisha kuna karatasi. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Aliyeingia ndani kabla ya kuandikishwa hana namba. Hana namba, hana laini. Hana laini, hana M-Pesa, na fundi hawezi kumpigia asubuhi kumwambia leo kuna zege. Ili apate namba aende na barua ya mtendaji, naye mtendaji anasema hamjui, na hasemi uongo: mtu huyu hakuwepo mtaani kwa miaka tisa. Kinachotukera ni kwamba alama za vidole vyake Serikali inazo tangu siku aliyokamatwa. Ilizichukua bila barua ya mtendaji. Tunataka maofisa wa NIDA waingie magerezani na kumwandikisha kila anayekaribia kutoka, miezi mitatu kabla ya tarehe yake, na kitambulisho kimsubiri langoni pamoja na nguo zake.

Na dawa vivyo hivyo. Tiba ya kifua kikuu ni miezi sita, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni za maisha. Mtu akitoka katikati ya dozi bila karatasi ya rufaa ya kumwonyesha muuguzi wa zahanati ya kwao, wanaoumia si yeye peke yake. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji fomu, kalamu, na mganga wa gereza anayejua mtu wake anatoka lini.

Hapa Dodoma hatuwezi kuandika juu ya gereza tukairuka Mirembe. Hospitali hiyo ya Taifa ya afya ya akili ilianza mwaka 1927, na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake hupokea kutoka nchi nzima watu waliotenda kosa wakiwa wagonjwa wa akili. Ambaye mahakama imeona alitenda lakini hakuwa na akili timamu hapewi idadi ya miaka. Hukaa mpaka madaktari waridhike na mamlaka za juu ziridhie. Wapo wanaopona, karatasi zikakamilika, na hakuna anayekuja kuwachukua. Simu ya ndugu haipatikani. Au inapatikana, na ndugu anasema kijiji kimekataa, maana aliyeuawa alikuwa wa humohumo, pengine wa nyumba hiyohiyo. Huku mitaani sisi wakazi wa Dodoma tumeligeuza jina Mirembe kuwa tusi la kumkomesha mtu anayebishana. Mgonjwa aliyepona anabeba jina la gereza na jina la hospitali kwa pamoja, na hakuna mzigo tunaouogopa kama huo. Kwa hao tunaahidi jambo dogo tu kwa sasa: kutafuta ndugu. Kwenda kijijini, kukaa na wazee, kueleza kwamba ugonjwa huu una dawa na kwamba dawa hiyo haitakiwi kukatizwa, kurudi tena tukifukuzwa. Anayedhani hiyo ni kazi ya mwezi mmoja asijiunge nasi.

Mahabusu nao tunawahesabu kuwa wetu. Kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliojaa magereza ya nchi hii wamekuwa mahabusu. Mfungwa anaijua tarehe yake, huihesabu kwa mkaa ukutani. Mahabusu hajui. Shauri likiondolewa asubuhi, mchana yuko barabarani na nguo alizokamatwa nazo, chumba alichopanga kina mtu mwingine, pikipiki ya mkataba ilishachukuliwa na mwenyewe. Na kwa kuwa hakuhukumiwa, mipango yote ya urekebishaji inampita kando. Mtaani nako hakuna anayetofautisha. Ametoka ndani, basi.

Anayeamini kwamba kuachiwa huru na mahakama kunatosha aitazame Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimwachia huru André Ntagerura, aliyekuwa waziri, mwaka 2004. Hakupata nchi ya kumpokea. Alibaki Arusha kwenye nyumba ya ulinzi pamoja na wenzake walioachiwa au waliomaliza vifungo, hadi Desemba 2021 wanane wao walipopelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha, Niger nayo ikawaamuru waondoke. Umoja wa Mataifa, pamoja na majaji na mabalozi wake wote, ulikaa miaka 17 bila kupata mlango mmoja wa kugonga. Halafu tunamlaumu kijana wa Chang'ombe, hapa Dodoma, kwamba hakujipanga.

Sasa tuseme na wale walioumizwa. Hatuwaombi msahau, na hatutamruhusu mwanachama yeyote aje kuwaomba hivyo. Watetezi wa watoto walihoji msamaha wa mwaka 2017 kwa sababu ya aina ya kesi iliyowafunga wanamuziki wale wawili, na walikuwa na haki kamili ya kuhoji. Msimamo wetu ni huu. Aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto hatutampeleka kuishi karibu na mtoto huyo, na hatutamtafutia kazi shuleni, madrasa wala kwenye kituo cha watoto, hata akija na barua kumi za tabia njema. Aliyeua, tutaonana na familia ya marehemu kabla yeye hajafika, kupitia wazee ambao familia hiyo yenyewe imewakubali. Wakisema bado, tutamtafutia mahali pengine. Lakini mahali pengine lazima pawepo. Mtu asiye na mahali halali hutafuta mahali pasipo halali, na jirani anayemfukuza leo atakutana naye usiku.

Kazi yetu ya kwanza ni ya kawaida mno hata tunaona haya kuiandika kwenye ilani: asubuhi mtu anapotoka, awepo mtu nje ya lango. Awe na maji, chakula, simu yenye salio, na nauli. Magereza yetu hupokea watu wa mikoa ya mbali. Mtu wa Kigoma au Mtwara anaachiwa hapa na hajui hata stendi ya Nanenane iko upande gani. Wanaotoka na kurudi upesi, tumewaona, wengi wao huharibikiwa katika siku chache za kwanza, pale njaa inapomkuta mtu na rafiki wa zamani kabla ndugu hajamkuta. Kazi ya pili ni vyumba. Tunataka kupanga nyumba moja yenye vyumba vichache, pembeni ya mji ambako kodi inavumilika, ambamo mtu atalala wiki za kwanza kwa sharti la kuamka mapema, kufagia, na kutolewa akileta pombe. Majirani tutawaambia mapema ni nyumba ya nani. Siri ya namna hiyo haidumu, na ikifichuka inachoma nyumba.

Wenzetu Kenya wana idara ya probesheni ambayo jina lake lenyewe linataja huduma baada ya kifungo. Sisi tunayo Idara ya Huduma za Uangalizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Tunataka sheria iongezewe kifungu kimoja, kwamba kila aliyekaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, kwa hukumu au kwa kusubiri, awe na haki ya kuhudumiwa na idara hiyo kwa mwaka wa kwanza akipenda mwenyewe. Akipenda: hatutaki mlinzi mwingine. Kanuni za Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 108 kwamba anayetoka awe na vitambulisho, makazi, kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, na fedha za kumfikisha na kumtunza siku za mwanzo. Hatuombi zaidi ya hapo.

Halmashauri nazo zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 50 aliyetoka jana hayumo. Hata anayefaa kwa umri hana kikundi, kwa sababu kikundi gani kitamkubali? Tunaomba Jiji la Dodoma na halmashauri za mkoa zikubali vikundi vyenye waliotoka, bila kuwadai miaka ya ukaazi ambayo waliitumia gerezani. Vyeti vya ufundi uliofunzwa ndani vitolewe na VETA kama vya mtu mwingine yeyote, visitaje gereza. Na shirika la uzalishaji mali la Magereza, SHIMA, litenge sehemu ya kinachouzwa kwa ajili ya akiba ya aliyefanya kazi, aichukue siku ya kutoka. Mtu aliyefyatua matofali kwa miaka saba asitoke akiomba nauli.

Kuhusu fedha zetu wenyewe: tutachanga. Mfadhili akija tutamkaribisha chai, lakini hatutapokea hela yenye sharti la kupiga picha nyuso za waliotoka, wala hatutashona fulana.

Mwenyekiti wa mtaa, mtu wako akija na hati ya kuachiliwa, mwandikie barua siku hiyohiyo. Fundi, mjaribu wiki mbili kama saidia fundi, umlipe kila jioni kama unavyowalipa wengine. Mwenye nyumba, tuulize maswali yote unayotaka kabla ya kukataa. Tutakujibu ukweli, hata ule usiopendeza. Na wewe uliyesikia kwamba mtoto wa jirani anatoka mwezi ujao, usingoje afike ndipo uanze kufikiri. Waulize kwao leo anatoka tarehe ngapi na gereza gani, kisha utuambie.